Sahani ya Jirani Wakati wa Korona

Ramadhani ya mwaka 2020 iliingia wiki sita baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, tarehe 13 Machi. Mimi ni afisa wa afya ya jamii hapa Lamu, na katika mfungo ule niliulizwa juu ya vyombo kuliko jambo jingine lolote. Bibi mmoja wa Langoni aliniita barazani kwake, akanionyesha sahani ya mbaazi za nazi aliyoletewa na jirani, ingali imefunikwa kawa, haijaguswa tangu jana yake. “Mwanangu,” akaniuliza, “niitupe na sahani yake?”

Mbaazi zitupwe, nilimwambia, kwa sababu chakula cha nazi hakilali na joto hili, sahani ioshwe.

Hofu yake ilikuwa na chanzo. Mwezi Machi mwaka huo watafiti wa Marekani walionyesha kwamba virusi hivi huweza kubaki hai kwenye plastiki hadi saa 72, na mwezi huo huo Starbucks, kampuni ya migahawa ya kahawa ya huko, iliacha kwa muda kupokea vikombe vya wateja. Lakini jaribio hilo hilo lilionyesha kuwa nguvu ya virusi kwenye plastiki hupungua kwa nusu kila baada ya takriban saa saba. Tena mkebe wa kutumia mara moja na kutupa, ambao mtu angedhani ni salama zaidi, nao ni plastiki, umepita katika mikono ya mpakiaji, mchukuzi na muuzaji, kisha hutiwa chakula bila kuoshwa. Sahani ya nyumbani angalau imepita kwenye sabuni. Mwezi Aprili 2021, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilieleza kuwa uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi ni chini ya mara moja katika mara 10,000. Hatari kubwa ilikuwa pale mlangoni, watu wawili wanapokabidhiana sahani huku wakizungumza uso kwa uso bila barakoa.

Kirusi cha korona kimezungukwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja kama inavyoyeyusha samli iliyoganda kwenye sufuria. Kisima chako kikiwa na maji ya chumvi, povu halitoki upesi, kwa hiyo ongeza sabuni na usugue zaidi. Toa ule mpira wa kifuniko cha hotipoti uuoshe peke yake, maana ndipo mabaki hujificha; bakuli la plastiki lililochanikachanika kwa kisu liache kutumika kwa chakula, korona iwepo isiwepo. Vyombo vikauke juani kwenye kichanja, kuliko kufutwa kwa kitambaa kibichi kilichofutia kila kitu tangu asubuhi.

Bibi aliuliza pia juu ya kawa, ambalo ni la ukindu na halistahimili kusuguliwa kwa maji. Tulilianika juani siku tatu, halafu akalirudisha.