Dhoruba imepita: mchanga wa ufukwe umekwenda wapi?

Dhoruba ikigongana na bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kesho yake fukwe kama za Kunduchi, Dar es Salaam, huonekana zimeliwa. Ukingo wa mchanga umekatika wima, mizizi ya minazi iko nje, mwani umelundikana. Lakini mchanga ule haujaenda mbali. Mawimbi makubwa huuburuta na kuulaza kwenye maji mafupi kama fungu, na fungu hilo huyavunja nguvu mawimbi yanayofuata. Bahari ikitulia, mawimbi madogo huurudisha kidogo kidogo kwa wiki au miezi.

Usiporudi, tuangalie nchi kavu. Kunduchi hulishwa mchanga na vijito kama Tegeta na Mbezi, ambavyo vimechimbwa miaka mingi kwa ajili ya ujenzi. Mchanga uliopakiwa kwenye lori hauwezi kufika ufukweni.

Kisha tazama ukuta uliojengwa kuzuia bahari, maji yakiwa yamekupwa. Wimbi likipanda mteremko wa mchanga huchoka. Likigonga ukuta wima hurudi na nguvu zake, likichimba pale chini mpaka msingi unaning'inia na kifusi cha nyuma kinachuruzika kwenye nyufa. Ukuta unapoishia, wimbi huzunguka na kula kiwanja cha jirani, naye hujenga wake. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe. Ufukwe unazihitaji mita hizo ili upungue na kujaa.

Mimea nayo ni nanga. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje na mazalia ya kasa. Miti ilikatwa, mchanga ukahama. Leo ni fungu linalofunikwa maji yakijaa, na mayai ya kasa huhamishiwa bara yasizame.

Kwa hiyo okota plastiki na vipande vya nyavu kwa mkono, mwani uache, maana hunasa mchanga unaopeperuka. Usipitishe greda, litang'oa mlakasa, ule mtambaa wa maua ya zambarau. Usikae chini ya ukingo unaokuzidi kiuno, huporomoka ghafla.

Chagua alama isiyosogea, mfano pembe ya nyumba. Pima kwa futi kamba hadi ukingoni, piga picha ukiwa umesimama palepale, andika tarehe, rudia kila bamvua. Kusi ikipita na kaskazi ikaisha bila kipimo kurudi, vipeleke vipimo vyote kwa ofisa mazingira wa halmashauri yako.