Je, wajua? Mapafu hayachuji moshi kama chujio la chai

Ukipuliza jiko la mkaa, huhitaji kuambiwa kwamba umevuta moshi. Lakini ni chembe zipi zinazobaki ndani, na zipi zinazotoka tena na pumzi?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa chujio la chai: makubwa hukwama, madogo hupita. Basi vumbi huishia puani, na chembe ndogo kabisa huingia na kutoka kama hewa. Nusu ya kwanza ni sawa. Ya pili ni kinyume: chembe za mikromita 0.02 hubaki kwa wingi, hasa kwenye vifuko vya hewa vya mwisho. Zinazoponyoka ni za katikati, karibu mikromita 0.3. Nyingi kati ya hizo hurudi nje. (Unywele una upana wa mikromita kama 70.)

Kosa langu lilikuwa kudhani chembe hukwama kwa kukosa tundu la kupita. Hata vifuko vya mwisho vina upana wa mikromita kama 200, kwa hiyo nafasi ipo tele. Chembe haibanwi, hugusa ukuta, na ukuta wa njia ya hewa una majimaji, ikigusa imenasa. Swali ni nini kinaifikisha ukutani.

Fikiria vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, siku ya watu wengi. Mkokoteni wa magunia ukija kasi haukati kona, unagonga. Hilo ndilo vumbi la mikromita 10 na zaidi, linaloishia puani na kooni. Ndani zaidi hewa hupunguza mwendo, na chembe za mikromita chache hushuka taratibu kama majani ya chai kikombeni. Sasa achia puto katikati ya umati. Wapita njia, yaani molekuli za hewa, wanalipiga viwiko huku na huku, na kwa wepesi wake halichukui muda kugusa ukuta. Hiyo ni chembe ya 0.02. Na mtu mzima asiye na haraka? Viwiko havimyumbishi, kona anazikata. Anaingia, anageuka, anatoka. Huyo ndiye 0.3.

Barakoa za N95 nazo hupimwa kwa chembe za karibu ukubwa huohuo, kwa sababu ndizo mabingwa wa kukwepa.

Sehemu kubwa ya moshi wa kuni ina ukubwa wa karibu na hizo zinazoponyoka. Lakini sehemu ndogo ya moshi mwingi bado ni moshi mwingi, na hesabu hizi zinamhusu mtu mzima mwenye afya, anayepumua kwa utulivu. Mapafu ya mwenye pumu hunasa zaidi. Na kila mara kabla ya kupuliza mkaa, lazima uvute pumzi ndefu, pua ikiwa juu ya jiko. Kadiri chembe inavyokawia ndani, ndivyo inavyopata nafasi ya kugusa ukuta. Siku hizi napepea kwa kipande cha boksi.