Msimamizi wa mirathi ni nani, na kwa nini si mrithi mkuu

Matanga yakishaanuliwa, pengine kabla maturubai hayajarudishwa kwa mwenyewe, kikao cha ukoo hukaa. Ajenda huwa moja: nani asimamie mirathi. Jina likitoka, utasikia minong'ono upande wa jikoni: "Basi tena, kaka mkubwa kaachiwa kila kitu." Ugomvi mwingi wa mirathi huanzia kwenye kauli hiyo, kwa sababu kaka mkubwa hajaachiwa kitu. Kapewa kazi.

Mirathi ni jumla ya alivyoviacha marehemu: mali, haki zake, na madeni yake pia. Mrithi ni yule mwenye fungu ndani yake. Msimamizi ni mtu aliyeteuliwa na mahakama ayakusanye yote hayo, alipe madeni, kisha awagawie warithi kinachobaki. Anaweza kuwa mrithi pia, na mara nyingi huwa mjane au mmoja wa watoto, lakini usimamizi haumwongezei fungu hata kwa kuku mmoja. Anaweza vilevile kuwa mtu baki asiyerithi chochote. Kama marehemu aliandika wosia na kumtaja mtu wa kuutekeleza, huyo ni msimamizi wa wosia, ambaye Waislamu wengi humwita wasii. Kutajwa tu hakumtoshi. Naye hupita mahakamani kuthibitishwa.

Hapa nazungumzia Tanzania Bara, maana Kenya na Zanzibar zina sheria zao. Huku kwetu kikao cha ukoo hupendekeza, mahakama ndiyo huteua. Muhtasari wa kikao hautajwi na sheria kama sharti, ila mahakama za mwanzo zimezoea kuuomba kwa kuwa unaonyesha kwamba ndugu wana habari. Mwombaji hupeleka cheti cha kifo, hujaza fomu, tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na mambo yakienda sawa hutoka na barua ya usimamizi. Benki huitaka barua hiyo kabla ya kugusa akaunti ya marehemu, na ofisi ya ardhi nayo huitaka. Muhtasari wenye saini za wajomba kumi na wawili hauwezi kushika nafasi yake.

Mahakama gani? Swali hili limewatesa wengi. Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Marehemu Mkristo ambaye maisha yake hayakufuata mila, mirathi yake huenda mahakama za juu, na hapo sheria inayotumika ni ya kale kuliko nchi yenyewe: Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na Waingereza, ambayo humpa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Ukifungua mirathi kwenye mahakama isiyostahili, shauri linaweza kufutwa miaka mingi baadaye, nyumba ikiwa imeshauzwa na hela zimeshaliwa.

Sheria inayotumika ndiyo huamua nani apate nini, si msimamizi. Kwa Waislamu mafungu yanajulikana: mjane hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, mume akiwa ameacha mtoto, robo akiwa hakuacha, na wosia hauvuki theluthi ya mali. Kwa mila, tangazo la serikali namba 436 la mwaka 1963 liliandika kanuni zinazomnyima mjane urithi ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo, na kuwaweka mabinti daraja la tatu, la mwisho katika mgawo. Wajane wawili wa Tanzania walizipinga hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema kanuni hizo zinavunja haki zao. Mimi naona aibu kwamba ilibidi wafike huko.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Tuseme mzee kaacha nyumba Tandika yenye wapangaji wanne, shamba Mkuranga, bajaji moja, na mkopo wa saccos, yaani chama cha kuweka na kukopa. Msimamizi anaanza kwa kuorodhesha. Hati ya nyumba ikiwa na majina mawili, la mzee na la mkewe, sehemu ya mama haiingii kwenye mirathi kabisa; ni mali yake, hairithiwi angali hai. Halafu gharama za mazishi na madeni hutangulia. Saccos hulipwa kwanza, ndipo watoto wakae kugawana. Kodi ya wapangaji kuanzia siku mzee alipofariki ni mali ya mirathi. Msimamizi anayeichukua kila mwezi "kwa ajili ya usumbufu" anakula mali ya wenzake.

Kinachowachanganya watu zaidi ni hati. Ili nyumba iweze kuhamishwa, ofisi ya msajili wa hati humwandika msimamizi kwenye hati kwa wadhifa wake huo. Ndugu wakiona jina la kaka pale, wengine hukata tamaa, na kaka mwenyewe huanza kuamini kuwa kweli imekuwa yake. Jina lile ni la mpito. Likikaa miaka kumi bila kuhamishiwa warithi, ujue mirathi imekwama.

Je, anaweza kuuza? Anaweza, na mahakama zimekwisha kusema si lazima apate ridhaa ya kila mrithi, kwa sababu vinginevyo ndugu mmoja mkaidi angezuia hata deni lisilipwe. Lakini auze kwa sababu ya mirathi, na kila shilingi aitolee hesabu. Kuiuza nyumba kwa shemeji yake kwa bei ya kutupa ni jambo ambalo warithi wanaweza kulipeleka mahakamani, na mahakama ina uwezo wa kufuta uteuzi wake.

Hesabu ndiyo sehemu wasimamizi wengi huiruka. Katika mahakama ya mwanzo, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwenye fomu namba tano. Baadaye huwasilisha hesabu kwenye fomu namba sita: kilichokusanywa, kilicholipwa, nani kapewa nini. Katika Mahakama Kuu ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Mahakama inaweza kuongeza muda, ila huombwa. Hesabu zikishapokelewa bila pingamizi, shauri hufungwa, na kazi ya msimamizi huishia hapo. Watu hukumbuka kufungua mirathi. Kuifunga wanasahau, na ndiyo maana utakuta mtu anajiita msimamizi wa mirathi ya baba aliyefariki wajukuu wakiwa hawajazaliwa.

Mrithi anayehisi anazungushwa aanzie kwa karani wa mahakama iliyotoa barua, akiwa na namba ya shauri. Aulize kama fomu namba tano imo kwenye jalada. Ikiwa haimo na miezi minne imepita, anaweza kuiomba mahakama imwite msimamizi aje kujieleza.