Asiyeona si wa kukisiwa: dhana potofu kuhusu vifaa vya kuwasaidia wasioona

Dhana: Mbunifu mwenye nia njema anajua asiyeona anahitaji nini.

Historia ya nukta nundu, maandishi ya nukta zilizoinuliwa ambayo wasioona huyasoma kwa kidole, inakataa. Mwanzoni mwa karne ya 19, shule ya wasioona ya Paris ilitumia vitabu vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa kwenye karatasi. Waliozibuni walikuwa wanaona, na kwa macho zilipendeza. Kwa kidole zilisomeka polepole mno, tena mwanafunzi hakuweza kuziandika mwenyewe. Kisha Charles Barbier, naye akiona, akaleta mfumo wa hadi nukta 12 kwa alama moja. Wazo la nukta lilikuwa zuri, lakini alama ilizidi ncha ya kidole, na iliwakilisha sauti badala ya tahajia. Aliyelikamilisha ni mwanafunzi wa shule hiyo, Louis Braille, aliyepoteza uwezo wa kuona tangu utotoni. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alishapunguza nukta hadi sita. Kidole kikaisoma alama kwa mguso mmoja. Wanafunzi wakaupokea mfumo huo. Shule iliukubali rasmi mwaka 1854, Braille akiwa ameshafariki miaka miwili kabla.

Dhana: Ukijifunga kitambaa machoni kwa saa moja, utamwelewa mtumiaji.

Hapo unachokionja ni hofu ya siku ya kwanza. Hujui kutumia fimbo nyeupe, hujazoea kutambua ukuta kwa mwangwi wa hatua zako, wala kusikiliza kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kikienda kasi. Arielle Silverman, mwanasaikolojia asiyeona, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 2015: waliozibwa macho waliishia kuwadhania wasioona kuwa na uwezo mdogo zaidi wa kufanya kazi na kujitegemea. Kwa maoni yangu zoezi hili lina madhara, kwa sababu mbunifu anatoka pale akiamini anamtengenezea mtu asiyejiweza.

Dhana: Asiyeona aitwe mwishoni, ajaribu kifaa kilichokwisha kutengenezwa.

Akiitwa mwishoni atasema kitufe hiki kigumu, sauti ile ndogo. Kwamba kifaa chenyewe hakimfai, nani atamsikiliza wakati fedha zimekwisha? Utafiti wa Phillips na Zhao, uliochapishwa Marekani mwaka 1993 kuhusu watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali, ulikuta karibu asilimia 30 ya vifaa vilitelekezwa kabisa. Miongoni mwa sababu ni kwamba maoni ya mtumiaji hayakuzingatiwa wakati wa kumchagulia kifaa. Tazama upande wa pili: NVDA, kisoma skrini cha bure cha kompyuta za Windows, kilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana naye James Teh. Wote wawili hawaoni. Walijua visoma skrini vilivyokuwa sokoni vilikuwa ghali kiasi gani kwa watu wa hali yao.

Dhana: Mwenye ulemavu wa kuona yuko gizani kabisa.

Wengi wana uoni kiasi, na hautofautiani kwa ukali tu. Mwenye mtoto wa jicho anaweza kuumizwa na mng'ao wa skrini nyeupe. Mwenye glakoma, ugonjwa wa macho ambao mara nyingi hupunguza uoni wa pembeni, aliyebakiwa na uoni wa katikati, ukimkuzia herufi kupita kiasi, neno linatoka nje ya eneo analoliona. Kwa hiyo mpe nafasi ya kuchagua mwenyewe ukubwa, rangi na sauti.

Dhana: Lazima pawe na kifaa maalumu cha bei kubwa.

Simu nyingi za kisasa zina kisoma skrini ndani yake: TalkBack kwenye Android, VoiceOver kwenye iPhone tangu 2009. Kinachokwamisha mara nyingi ni programu zenyewe. Picha ya bahasha au ya mshale isipopewa lebo, simu inatamka "kitufe", kisha "kitufe" tena, na mtu anayetaka kutuma pesa zake analazimika kumpa mwingine simu pamoja na namba ya siri. Lebo ni maneno mawili matatu anayoyaandika mtengeneza programu, msomaji wa macho hata hayaoni. Na programu ikiwa ya Kiswahili, lebo nazo ziwe za Kiswahili, kwani sauti ya Kiswahili ikikutana na lebo ya Kiingereza huitamka kwa namna ambayo ni vigumu kuielewa.