Bunduki ya kulungu kwa mtoto: anza na mkono wake, kaliba baadaye

Kila ikifika Septemba hapa Pennsylvania simu zinaanza, mtoto kafikisha miaka 12, kamaliza kozi ya usalama wa uwindaji, sasa mzazi anataka bunduki ya kwanza ya kulungu na karibu wote wanauliza kitu kilekile, ninunue kaliba gani, yaani saizi gani ya risasi? Mi nawajibu mlete mtoto kwanza nimpime, na aje na jaketi lake la baridi. Kazi yangu ni kutengeneza na kurekebisha bunduki, na kinachoharibu mawindo ya kwanza ya watoto wengi nnaowaona ni kitako kirefu na teke kubwa (bunduki inavyorudi nyuma kupiga bega ikifyatuliwa), kaliba ndogo siyo tatizo sana.

Kupima ni rahisi. Hakikisha bunduki haina risasi, fungua chemba, pale risasi inapokaa, uangalie kwa macho na uchungulie tena, halafu mtoto akunje kiwiko, kitako kikae kwenye kunjo la mkono. Kidole chake kifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Bunduki nyingi za watu wazima zina kama inchi 13 na nusu toka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, mtoto mdogo anahitaji 12 au 12 na nusu, na ukumbuke msimu wenyewe unaanza mwisho wa Novemba, jaketi nene peke yake linakula karibu nusu inchi. Kikiwa kirefu anajirudisha nyuma kama anayeogopa moto, kichwa kinakaa vibaya, kwenye darubini ya kulengea anaona duara jeusi.

Sasa teke. Mwaka juzi baba mmoja alimleta binti yake na bunduki ya kaliba ya .30-06 ya mzee, bunduki nzuri tu, akasema mtoto hajui kulenga. Nikachukua risasi za plastiki za mazoezi nikazichanganya na za kweli, nikawa nampakilia mwenyewe, hajui ipi inakuja. Ya tatu ilikuwa ya plastiki. Akavuta, ikalia klik, na mtutu ukazama chini inchi nzima, macho kayafumba kabisa, bega limesukuma mbele kupokea kitu ambacho hakikuja. Baba yake aliona kwa macho yake, hakusema neno. Mtoto alikuwa anajua kulenga vizuri sana, mwili wake ndo ulikuwa umeshajifunza kuogopa, na woga huo ndo unampiga kulungu tumboni badala ya mapafu, mnyama anaenda kufa siku ya pili kichakani kwa mateso. Hilo linaniuma kuliko kitu chochote kwenye kazi hii.

Kwa bunduki za uzito mmoja .30-06 inapiga bega zaidi ya mara mbili ya .243 Winchester. Hii .243 ilitoka 1955, ni ganda la .308 lililobanwa shingo lishike kichwa cha milimita 6, na kwa mtoto mwembamba ndo chaguo langu la kwanza. Ila angalia boksi jamani! Zipo .243 za greini 55 mpaka 70 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) zilizotengenezwa kwa wanyama wadogo, zinapasuka juujuu zikigonga bega la kulungu. Chukua greini 95 au 100 za kulungu (100 ni kama gramu 6 na nusu), au za shaba tupu za greini 80 au 85, hizo hazivunjiki ovyo na haziachi vipande vya madini ya risasi kwenye nyama ya kula familia. Mtoto mwenye mwili mkubwa kidogo nampa kaliba ya 7mm-08 au 6.5 Creedmoor, anaanza na risasi zilizopunguzwa nguvu, akikua anahamia za kawaida, bunduki ileile.

Usidanganyike na bunduki nyepesi sana, teke linaongezeka. Na kile kifaa cha mdomoni mwa mtutu cha kupunguza teke mi simfungii mtoto, kelele yake inaumiza masikio, na kelele yenyewe ni nusu ya woga. Mazoezini avae vizibo vya ndani na vya nje pamoja.

Umbali je? Bandika sahani ya karatasi ya inchi 8, hiyo ni kama eneo la moyo na mapafu ya kulungu wa huku mwenye mkia mweupe. Apige 5 akiwa amekaa chini au amepiga goti, siyo kwenye meza. Zote 5 zikiingia kwenye yadi 60 lakini kwenye 80 moja ikatoka, basi mwisho wake ni 60, hata dume la pembe kubwa likisimama kwenye 90 analiacha lipite.

Yule binti tulimpa .243 ya Mossberg Patriot Super Bantam, ile yenye kipande cha kuongeza kitako, miezi miwili akapiga bila risasi jioni nyumbani, sarafu juu ya mtutu isidondoke, na baba pembeni. Siku ya pili ya msimu kulungu jike alisimama ubavu kwenye yadi 54, risasi moja nyuma ya bega, akaanguka tunamwona. Mwezi uliopita wamerudi dukani, mkono umerefuka, nikamfungia kile kipande cha kitako.