Kwa nini Berlin chupa tupu huwekwa kando ya pipa la taka?

Pipa la taka liko wazi, nafasi tele, na bado chupa tatu za bia zimesimamishwa chini yake, zimepangwa kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Siku zangu za kwanza Berlin jambo hili liliniudhi. Hawa ndio Wajerumani tunaosifiwa usafi wao? Nikainama, nikaziokota, nikazitumbukiza pipani. Kijana aliyekaa kwenye benchi la jirani akanitazama kama mtu aliyemwaga ugali wa watu.

Kumbe nilikuwa nimetupa hela.

Aliyekulia kwetu haelezwi sana hapa. Ukitumwa soda ya chupa bila kubeba chupa tupu, mwenye duka anakudai hela ya chupa, la sivyo unainywa palepale umesimama. Wajerumani nao wana hela ya chupa, wanaiita pfand, ila wao wameipeleka mbali: hata kopo, hata plastiki isiyojazwa tena, ina hela yake. Chupa ya kawaida ya bia ni senti 8 za yuro. Chupa ya maji au soda inayorudi kiwandani kujazwa ni senti 15 mara nyingi. Kopo au plastiki ya kutumika mara moja ni senti 25. Ile yenye maisha mafupi ndiyo inayodaiwa zaidi.

Ilianzia kwenye kanuni ya mwaka 1991: vinywaji vya chupa za kurudishwa visishuke chini ya asilimia 72 ya vinywaji vinavyouzwa, vikishuka, vifungashio vya kutupa vitalazimishwa pfand. Vikashuka. Wafanyabiashara wakapinga hadi mahakamani, wasifue dafu. Tarehe 1 Januari 2003, waziri wa mazingira akiwa Jürgen Trittin wa chama cha Kijani, pfand ya lazima ikaanza. Mwanzoni ilikuwa vurugu tupu, maana duka liliweza kukataa chupa usiyoinunua kwake. Tangu Mei 2006 supamaketi inayouza plastiki inapokea plastiki hata iliyonunuliwa kwingine.

Kazi hiyo inafanywa na mashine yenye tundu la mviringo. Unaingiza chupa kitako kwanza, inazungushwa ndani, alama yake inasomwa, kisha unasikia plastiki ikipondwa. Ukimaliza unabonyeza kitufe, risiti inatoka, unampa keshia. Usiikunje chupa kabla, mashine itakurudishia.

Sasa turudi kwenye pipa. Anayekunywa bia moja bustanini haoni sababu ya kutembea na chupa tupu kwa ajili ya senti 8. Lakini yupo anayeiona: mstaafu ambaye pensheni haimfikishi mwisho wa mwezi, au mtu asiye na pa kulala. Makopo manne ni yuro nzima. Chupa ikitupwa ndani, huyo atazamisha mkono kwenye vipande vya kioo na mabaki ya chakula, watu wakimtazama. Ikiwekwa kando, anainama mara moja na kwenda zake. Aliyetoa hayupo, aliyepokea hana wa kumshukuru. Kuna hata kampeni ya kuwakumbusha watu waache chupa kando ya pipa, na mbunifu wa jiji la Köln, Paul Ketz, alitengeneza pete ya chuma ya kuvishwa pipa, yenye matundu ya kusimamishia chupa.

Desturi hii naipenda, na papo hapo inanikera. Nchi yenye uchumi mkubwa kuliko zote Ulaya, halafu bibi wa makamo ya mama yangu anamulika mapipa kwa tochi saa tano usiku.

Bibi huyo nimeshamzoea. Ana kikapu cha magurudumu, na chupa anazipanga kwa thamani: senti 25 upande huu, bia upande ule. Jioni moja nilimwona anakuja, nikawahi kumtengea chupa yangu kando ya pipa, nikajiona mstaarabu. Aliitupia jicho tu, akatabasamu, akapita. Ilikuwa chupa ya mvinyo, na ya mvinyo haina pfand. Nikairudia mwenyewe, nikaipeleka kwenye kontena la vioo mtaa wa pili.