Korona ya kuku: maswali ya wafugaji wa Mtwara na Lindi

Korona si ugonjwa wa watu? Kuku wameingiaje?

Kuku walitangulia. Mwaka 1931 wataalamu wa Marekani walieleza ugonjwa wa vifaranga wanaohema kwa shida. Ndiyo bronkaitisi ya kuku, na virusi vyake ni wa ukoo wa korona. Haviambukizi binadamu, kwa hiyo kula mayai yako bila wasiwasi.

Kuku wangu hapa Masasi wanakoroma, mayai yana maganda laini yenye makunyanzi. Nilichanja mdondo (kideri). Chanjo imedunda?

Huenda haikudunda. Chanjo ya mdondo, ile ya tone la jichoni kila miezi mitatu, haizuii bronkaitisi, na magonjwa haya mawili huanza kwa kufanana: chafya, kukoroma, kuzubaa. Mdondo mkali humaliza banda na kupinda shingo. Bronkaitisi huharibu mrija wa mayai; mtetea aliyeugua akiwa kifaranga anaweza kunenepa vizuri na asitage kamwe. Unamlisha mwaka mzima bure. Kwa macho tu hata mtaalamu hukosea, ndiyo maana utafiti wa kwanza ninaoutaka mimi ni kipimo cha bei nafuu cha kutumia kijijini. Na zile kapsuli za antibiotiki za watu mnazomimina kwenye maji ya kuku haziui virusi.

Si kuna chanjo yake?

Ipo, na wenye kuku wa kisasa huitumia. Shida ni kwamba virusi hivi vina aina nyingi, na chanjo ya aina moja inaweza isikinge nyingine. Viwili vikikutana ndani ya kuku mmoja hubadilishana vipande, inazaliwa aina mpya. Kwa hiyo lazima zichukuliwe sampuli za kuku wa kienyeji, Newala hadi Liwale, na magulioni ambako matenga hupakiwa kwenda Dar es Salaam, ndipo ijulikane chanjo gani inafaa. Tena iwe inayovumilia joto, kama ya mdondo aina ya I-2. Kijiji kisicho na friji hakisaidiwi na chanjo ya barafu.

Na popo wanaokula mabibo, wanaleta korona?

Ndugu wa karibu wa virusi vya UVIKO-19 wamepatikana kwa popo wala wadudu, si hawa wa matunda. Msiwashike wala kuwaua, osheni matunda.

Mtu anaweza kumwambukiza mnyama?

UVIKO-19, ndiyo. Mwaka 2020 nchini Denmark wanyama wa manyoya waitwao minki waliambukizwa na watu, kisha wakawarudishia watu. Mamilioni waliuawa. Ukiwa na kikohozi, mwachie mwenzako kazi ya zizi.

Mfugaji anasaidiaje utafiti?

Usiwakimbize wagonjwa gulioni. Mpigie afisa mifugo wa kata mapema. Kuku aliyekufa muda si mrefu afungwe kwenye mifuko miwili, awekwe na barafu, afikishwe siku hiyohiyo maabara ya veterinari ya Mtwara. Akishaoza, hapimiki.